Kompyuta Nyeusi ya Getruda

Nitamweleza Getruda binti Maige kama nilivyomjua, na nianze kwa kukiri kwamba kwa miaka mitatu nilimwonea wivu. Si wivu wa kutania. Jina lake likitajwa, chai ilikuwa inanichachia mdomoni. Mimi ni Saadi, fundi kompyuta, kibanda changu kiko Nachingwea mjini karibu na stendi, na wengi huniita Baba Twalha kwa jina la mwanangu wa kwanza.

Getruda ni Msukuma. Baba yake, mzee Maige, alihamia Kiegei na ng'ombe wake akitokea upande wa Ziwa, binti akiwa darasa la sita. Akamaliza kidato cha nne hukuhuku, akasoma kozi fupi ya ukatibu, kisha akarudi nyumbani kwa sababu wafugaji hawakuwa na mtu wa kuwaandikia. Maombi ya vibali vya kusafirisha mifugo, mihtasari ya vikao, malalamiko ya ng'ombe kuingia kwenye mashamba ya watu, majibu ya malalamiko hayo, yote aliyaandika kwa mkono, kwa mwandiko mzuri usio na haraka. Halafu alipanda bodaboda kuja kwangu nimchapie.

Siku moja, akisubiri nimalize kuchapa, akaiona kompyuta nyeusi iliyokuwa kwenye rafu. Niliachiwa na mtafiti mmoja wa madini aliyekuwa akipima kinywe, madini ya penseli, kule Chunyu. Alikuwa amepewa mpya kazini, akanipa ile ya zamani kwa shukrani ya kumwokolea picha zake. Niliitumia miaka miwili, kisha nikanunua mpya kutoka Dar es Salaam, nyembamba, ya rangi ya fedha, inayong'aa hadi unaweza kujitazamia ndevu. Ile nyeusi nikaipandisha rafuni, na juu yake nikaweka chupa ya chai.

Getruda aliiondoa ile chupa kwa mikono miwili, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga yake.

"Baba Twalha, hii imekufa?"

"Haijafa, imezeeka tu. Chukua ukaitumie."

"Nikupe nini?"

Nikacheka. "Utaniletea maziwa."

Ijumaa iliyofuata alileta kidumu cha lita tatu. Ijumaa ya pili akaleta tena, na ya tatu. Nikamwambia mke wangu, Nasma, kwamba yule binti hajui mjini kunakwendaje, analipia chuma chakavu kwa maziwa mazima. Nasma aliyachemsha tu.

Mwaka haukuisha, bawaba ya ile kompyuta yangu ya fedha ikavunjika, ikawa haisimami bila kuegemezwa kwenye kopo la rangi. Betri ilikuwa imegandishwa ndani kwa gundi. Ikavimba, nikaitoa kwa jasho. Kisha chai ikamwagika juu yake, kidogo sana, na herufi A ikafa. Hebu jaribu kuandika barua ya Kiswahili bila A. Wateja wakaanza kuniuliza kama Getruda yupo mjini wiki hiyo.

Wivu wenyewe hasa ulinishika mnadani Ruangwa, siku niliyokwenda kufunga spika za wauza nguo. Nilimkuta amekaa kwenye banda la turubai, meza moja, benchi moja, na watu wamepanga foleni, Wasukuma na Wamwera kwa pamoja. Nikasimama nyuma ya muuza ndala ili asinione. Nikiwa na wivu naona vizuri kuliko nikiwa na miwani, na siku hiyo niliiona ile kompyuta kwa mara ya kwanza, mimi niliyekaa nayo miaka miwili.

Weusi wake haukuwa wa kung'aa. Ulikuwa weusi wa mpingo uliopigwa msasa ukaachwa bila vanishi. Pembe zake zilikuwa za mraba, hazikujilegeza popote, na ukiifunga ilitoa mlio mmoja mfupi wa komeo, ukajua imefungwa. Katikati ya herufi kilikaa kitufe kimoja chekundu, kidogo kama punje ya mtama, ambacho Getruda alikisukuma kwa ncha ya kidole na mshale ukaenda anakotaka, bila kipanya, bila kuinua mkono. Kila kitufe kilibonyea katikati ili kidole kikae. Kwenye ukingo wa kifuniko kulikuwa na kitaa kidogo kinachomulika chini, na mle bandani, penye giza la turubai, aliandika kama aliyekaa dirishani. Betri moja ikiisha aliichomoa, akachomeka nyingine aliyoichaji kwa sola nyumbani, na foleni haikusimama.

Jirani yangu mnadani alikuwa Fahadi, kijana anayefundisha kompyuta pale Ruangwa. Akatoa simu, akaipiga picha.

"Oya fundi, hii ndo laptop bwana," akaniambia. "Hizi zetu ni masahani tu. Aliyemuuzia huyu dada alikuwa amelala."

 Nilirudi Nachingwea na spika moja sijaifunga.

Tangu hapo kila kitu cha Getruda kiliniudhi. Kwamba hakuwahi kuisifu ile mashine mbele yangu, iliniudhi, niliona ananificha. Kwamba alileta maziwa kila Ijumaa, mvua au jua, iliniudhi zaidi, niliona ananikumbusha. Nikawa namwambia Nasma awape majirani. Nasma akaniuliza maziwa yamekosa nini, nikasema yananipa gesi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, aliniletea kompyuta yenyewe. Feni ilikuwa inapiga kelele, akaomba niisafishe, akaniachia siku mbili. Nilifunga mlango wa kibanda nusu, nikaigeuza. Chini yake kila tundu la skrubu lina kichoro kidogo kinachoonyesha skrubu ipi inashika nini. Aliyeichora alinifikiria mimi, fundi asiyemjua, aliye mbali na kila duka la vipuri. Vipo pia vitundu vya kupitishia maji yakimwagika, yatoke chini yasifike moyoni. Nilikaa nikivitazama vitundu hivyo kwa hasira ya mtu aliyepoteza herufi A kwa vijiko viwili vya chai.

Nilisafisha feni, na kazi hiyo niliifanya vizuri. Kisha nikafungua skrubu nne, nikaitoa kibodi yake, nikaweka nyingine ya bandia niliyokuwa nayo tangu zamani, yenye umbo lilelile ila vitufe vyake ni vigumu na kile chekundu kinachezacheza. Kibodi halisi nikaitia kwenye droo, chini ya waya. Haingii kwenye mashine yangu yoyote, na nilijua hivyo wakati natoa skrubu ya kwanza. Nilichotaka ni kwamba isiwe tamu tena mikononi mwake.

"Vitufe vilikuwa vimechoka," nilimwambia alipokuja. "Nimekuwekea vipya, sitaki kitu."

Alibonyeza herufi mbili tatu. Akajaribu kile chekundu, kikamponyoka. "Asante, Baba Twalha," akasema, na Ijumaa akaleta maziwa.

Wiki ya tatu alikuja na baba yake. Mzee Maige hakuwahi kufika kibandani kwangu. Alivua kofia, akaketi kwenye benchi la wateja, fimbo kati ya magoti. Getruda alikuwa na mifuko miwili. Baada ya salamu mzee akasema, "Mwite mama Twalha. Jambo hili halifanywi bila shahidi."

Nyumba yetu iko nyuma ya kibanda, Nasma akaja na mikono yenye unga. Getruda akatoa kompyuta nyeusi, akaiweka mbele yangu. Akatoa ya pili kwenye mfuko mwingine, nyeusi vilevile, ya mtindo uleule, na kitufe chake chekundu.

"Binti anaolewa Malolo," mzee akasema. "Anahama. Ng'ombe wako tumemchunga miaka minne, leo tunamrudisha. Na huyu ni ndama wake."

Nilimtazama Getruda. Nilidhani mzee amechanganyikiwa.

"Baba anasema hivi," Getruda akaanza, lakini mzee akamwinulia mkono.

"Kwetu mtu ana ng'ombe, hana nafasi naye. Anampa mwenzake achunge. Yule anakunywa maziwa, mengine anampelekea mwenye ng'ombe, ajue ng'ombe wake mzima. Lakini si wake. Siku akihama anamrudisha na watoto wote, na mwenyewe akipenda atampa ndama mmoja. Wewe ulimwambia alete maziwa, hukutaja bei. Nikamwambia binti, huyo mtu amekukabidhi, umtunzie."

"Ile ya pili niliinunua kwa kazi ya hii," Getruda akasema. "Binamu yangu Luhende alinitafutia Mwanza. Niliona ni mtoto wake, kwa hiyo ni yako."

Miaka minne alikuwa akinieleza kila Ijumaa kwamba mali yangu ni nzima, nami nikawapa majirani taarifa hiyo wakaitia kwenye chai. Nilijisikia vibaya sana, lakini mzee hakuwa amemaliza. Akaisogeza mashine kwangu kwa ncha ya fimbo, taratibu.

"Sasa mkague. Kama ana kasoro, useme shahidi akiwepo. Ukinyamaza leo, huna neno kesho."

"Mimi ninayo ya kusema," Getruda akatangulia, na uso wake ulikuwa na haya kweli. "Mwaka juzi niliimwagia maziwa. Yalitokea chini, ikapona, lakini sikukwambia. Na vitufe hivi, tangu ulipovibadili nimeshindwa kuvizoea. Silalamiki. Ni ya kwako, una haki ya kuibadili unavyotaka."

Nasma alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta. Ningeweza kusema haina kasoro. Lakini yeye alikuwa ameungama maziwa yaliyokwisha kukauka, na droo ilikuwa usawa wa goti langu. Nikaivuta, nikaondoa waya, nikaiweka kibodi halisi mezani.

Mzee Maige aliitazama, akamtazama binti yake, akanitazama. "Hii ni nini?"

"Ni vitufe vyake. Havikuchoka. Nilivitoa nikavificha."

"Mtu anakata pembe za ng'ombe wake mwenyewe, anaficha?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kuelewa.

"Kwa nini, Baba Twalha?" Getruda akauliza.

"Niliona wivu."

"Wivu wa nini? Si ni yako?"

 Nilichukua bisibisi, nikarudisha kibodi mahali pake mbele yao wote, skrubu moja ikanianguka, Nasma akaiokota. Nikamwambia Getruda achukue zote mbili. Mzee akakataa, ng'ombe amefika nyumbani, akasema, na ndama mmoja unatosha. Basi nikampa ndama. Alinishukuru kama mtu aliyepewa kitu na mwenye kitu, akaaga, na kile kidumu akakiacha kwa Nasma.

Sasa yuko Malolo, na siku za mnada yupo Ruangwa na meza yake. Nilipita juzi. Foleni ni ileile, na moyo wangu ulinichoma kama zamani, nikajua kumbe haikuwa mashine peke yake.

Ile nyeusi iko mezani kwangu, na ndiyo ninayoandikia haya. Ni tamu kweli. Ijumaa hakuna anayekuja, na kidumu Nasma anakitilia mafuta ya taa. Ila kila mteja anayeingia huitazama, hupapasa kifuniko, kisha huuliza, "Fundi, hii si ile laptop ya Getruda?" Nina shahidi kwamba ni yangu, ninayelala naye nyumba moja. Lakini mimi huwajibu kwamba ndiyo, ni yake.