Tofali la Salamu Maria Moja

Nakumbuka mchana mmoja wa kipupwe, mwanangu, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi kama mgeni asiyejua kubisha hodi, nami nimelala chali juu ya gunia la mahindi ndani ya stoo yetu, naota niko Wampembe. Mchanga wa ziwa ulikuwa vuguvugu chini ya mgongo wangu. Maji yalikuja, yakanigusa nyayo, yakarudi. Sikuwa na haja ya kitu chochote duniani.

Wampembe kwenyewe sijafika hata leo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Kasesya, kule mpakani, nako nilifika kwa kusinzia kwenye basi nikapitilizwa kijiji nilichokuwa nashuka. Kwa hiyo ujue tangu mwanzo kwamba anayekupa nasaha hapa si shujaa. Ni mtu ambaye usingizi umemponza mara nyingi, na mara moja ulikaribia kumponza moja kwa moja.

Lakini nimeanzia katikati, na mzee akianzia katikati mnasema amechanganyikiwa. Ngoja nirudi nyuma.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalipokuja, mama aliyasoma, akayakunja, akayaweka ndani ya sanduku chini ya vitenge, na hatukuyazungumza tena. Nikahamia jikoni. Kwetu hapa uwanda wa juu, ukifika mwezi wa sita baridi inaingia mpaka kwenye meno, na mimi niligundua kwamba kati ya mafiga na ukuta kuna nafasi inayomtosha kijana mmoja asiye na mipango. Shangazi Skola, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye nyumba yake ilitenganishwa na yetu na tuta moja la kabichi, alinipa jina: Paka wa Jivuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, paka. Leo mkia haujaungua?"

Nyumba ile ilikuwa na mwenzangu mmoja aliyependa moto kama mimi, naye alikuwa na sababu ya haki. Alikuwa mbwa wa baba, mzee, mwekundu kama udongo, aitwaye Watasema. Jina lile lilikuwa barua kwa majirani. Baba alijenga nyumba yetu kwa miaka tisa, tofali leo, tofali kesho kutwa, na watu wakacheka mpaka wakachoka. Yeye hakujibizana na mtu. Alimpa mbwa jina, na kila jioni akasimama mlangoni akiita kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Watasema! Watasema, njoo ule!"

Baba alifariki nyumba ikiwa imekwisha na mbwa akiwa amezeeka. Miguu ya nyuma ya Watasema ilikuwa imekauka viungo. Baridi ikizidi alisimama kwa awamu, kama mtu anayefungua kiti cha kukunja. Alilala juu ya koti kuukuu la baba, ambalo mama hakukubali lifuliwe. Siku moja nilimwuliza mama kwa nini anamhangaikia hivyo mbwa ambaye hata mwizi angemruka tu. Akasema, "Asubuhi nikisikia kucha zake sakafuni, naona kama nyumba bado ina mwenyewe."



Basi mwezi wa saba mama akaitwa Milepa, kule bondeni kwenye joto, dada yake amejifungua. Majuma mawili. Alifunga mzigo wake, akasimama mbele ya mbwa, halafu mbele yangu, na wosia wake ulikuwa mfupi: "Nikirudi nimkute. La kufanya shangazi yako atakuonyesha."

Shangazi alikuja na kipande cha tofali la kuchoma. Si jiwe la mtoni, alisema, jiwe la mtoni lina maji tumboni, likipata moto hupasuka likakutoa jicho. Tofali liwekwe kando ya mafiga, si ndani ya makaa. Likishapata joto, liegemeze ndani ya kiwiko cha mkono, pale ngozi ilipo laini, kisha usali Salamu Maria moja. "Ile ya kusali," alinionya, "si ile yako ya kukimbilia chakula." Mkono ukitaka kutoroka kabla ya Amina, tofali ni la moto mno kwa mnyama, lipumzishe, uanze tena. Mkono ukitulia mpaka mwisho, lizungushie kipande cha blanketi, liweke upande mmoja wa malazi yake, na malazi yenyewe yawe juu ya mabua ya ulezi, si juu ya saruji tupu.

"Upande mmoja tu," alisema. "Upande wa pili mwachie."

"Wa nini, shangazi?"

"Kwani wewe ukishiba joto la mafiga husogei?"

Nilisema nasogea. Ukweli sikuwa nasogea, ndiyo maana suruali zangu zote zilikuwa na matundu ya cheche.

Siku tatu nilifanya kama nilivyoambiwa, ila sala niliikimbiza. Lakini, mwanangu, tofali hupoa. Ukilipeleka asubuhi, kabla jua halijafika utosini limekuwa tofali tu kama matofali mengine. Inabidi uinuke, uache moto wako, uvuke ua kwenye upepo ule hadi nyumbani alikolala mbwa, urudi nalo, upashe, usali, uvuke tena. Mara nne kwa siku. Na mimi nilikuwa na elimu. Elimu ikikaa bure haikai kimya, hutafuta njia ya mkato. Nikakumbuka somo la fizikia, kwamba joto husafiri kwa njia tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyotaja kijana kuvuka ua na tofali kifuani. Kwa nini nibebe joto kidogo kidogo kama maji ya kikombe? Si nihamishe kisima chenyewe?

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, nikajaza jiko mkaa, nikalipepea mpaka likawa jekundu, nikaliingiza stoo. Ilikuwa ndogo, ina kidirisha kimoja cha kupitishia mkono. Nikakiziba kwa gunia. Nikamleta Watasema na koti lake, nikamlaza hatua mbili kutoka kwenye jiko, nikafunga mlango. Raha iliyoje! Nikajisifu kwa sauti, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Baada ya muda mbwa akainuka. Unajua alivyoinuka: mguu, mguu, kupumzika, mguu. Akajikokota hadi mlangoni, akaingiza pua kwenye upenyo wa chini.

"Mzee, wewe hujui jema," nikamwambia. Nikamrudisha kwenye koti.

Akainuka tena. Akaenda palepale. Nikambeba mara ya pili, na safari hii nikachukua gunia jingine nikaziba ule upenyo. Kisha nikapanda juu ya mahindi yangu, nikalala.

Ndipo Wampembe ilipokuja. Nimeota ndoto nyingi maishani mwangu, lakini hakuna iliyokuwa na utulivu kama ule. Baba alikuwa amekaa mchangani umbali mfupi, amevaa koti lake, jipya kama siku aliyolinunua. Hakunitazama. Alikuwa anaita, "Watasema, njoo ule," na sauti yake ilikuwa inakwenda mbali ingawa yeye hakuondoka. Nilitaka kumwambia angoje. Nikaona nitamwambia baadaye. Mchanga ulikuwa wa vuguvugu mno, na hakukuwa na haraka, hakukuwa na haraka yoyote.

Halafu upepo wa Mbizi ukanipiga kofi.

Nilikuwa nje, kifudifudi kwenye kabichi za mama, na mtu alikuwa ameshika miguu yangu yote miwili. Shangazi Skola alikuwa amekuja kuchukua ungo wake stoo. Nilitapika, kichwa kikigonga kama kinu. Nilipopata sauti nilisema neno moja: "Mbwa."

Shangazi alikuwa tayari amerudi ndani, khanga mdomoni. Akatoka akimburuta Watasema juu ya koti, kama mtu anayevuta mzigo wa kuni. Ulimi ulikuwa nje. Macho yalikuwa wazi, hayaoni.

"Tumfunike, shangazi. Baridi."

"Nimfunike na nini, udongo? Mwache apate hewa!"

Tukakaa. Mimi nikamshika kichwa. Sikujua la kufanya, na mikono yangu ilikuwa imezoea jambo moja tu juma lile, kwa hiyo nikaanza Salamu Maria. Mwanangu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuisali polepole. Niliona kila neno likipita kama ng'ombe anavyopita mlango wa zizi, mmoja mmoja. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho, yale yanayotaja saa ya kufa, nikakwama. Akilini nilimwona mama akishuka kwenye gari la Milepa na mzigo wake kichwani, kisha mlangoni akisikiliza sakafu.

Watasema akapiga chafya.

Akapiga ya pili, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akageuza macho akaniangalia. Sijawahi kutazamwa vile na mwalimu yeyote, na nimetazamwa vibaya na walimu wengi.

Shangazi alingoja mpaka mbwa amekunywa maji. Kisha akageuka.

"Haya, mtoto wa kaka. Nani alikuambia mkaa ni wa kufungiana nao chumbani?"

"Nilitaka apate joto, shangazi."

"Joto alikuwa nalo. Ulitaka wewe usinyanyuke."

Nikampangusa mbwa matone ya maji mdomoni.

"Shuleni hawakuwafundisha kwamba mkaa una hewa inayoua bila harufu?"

"Walifundisha. Kwenye kemia. Siku hiyo nililala."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Moto wa kupikia si moto wa kulelea," alisema. "Niambie jambo moja. Huyu alikwenda mlangoni?"

"Alikwenda. Mara mbili."

"Ukamrudisha."

"Nikamrudisha."

Akaanza kuondoa majani ya kabichi kwenye nywele zangu, moja baada ya jingine. "Mnyama hana maneno," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Neno lake ni kuondoka. Ukimzuia asiondoke, umemziba mdomo."

Mama aliporudi, nilimwambia yote kabla hajajibu shikamoo yangu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alipita, akafungua mlango, akaita. Tukasikia kucha sakafuni, ti, ti, kupumzika, ti. Mama akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Kisha akasema kwamba kuanzia kesho tofali atalipeleka mwenyewe, na hilo, mwanangu, liliniuma kuliko fimbo. Nikamwomba aniachie. Akanitazama. Asubuhi yake akaja jikoni, akaweka mkono wake kando ya wangu, tukasali pamoja mpaka Amina, tofali juu ya mikono miwili. Ndipo akasema, "Peleka."

Nilipeleka kipupwe kizima. Watasema aliishi mpaka mvua zikaja na mahindi yakafika magotini. Alikufa mchana wa jua, nje, mahali alipochagua mwenyewe.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi binti yangu wa mwisho ameokota kitoto cha paka, akaniomba aingize jiko chumbani kwake "dakika kumi tu, baba, mambo yawe poa." Mke wangu akanitazama, maana anaijua hadithi hii hadi kwenye kabichi. Basi nikaona niiandike, ili nisiisimulie kila kipupwe hadi mnikimbie.

Mwanangu, ukifuga kiumbe, usimwache na baridi ukisema Mungu kampa manyoya. Manyoya ya mzee ni membamba, na kitoto hakijui kujipasha. Kwanza mwinue kutoka sakafuni, mzibie upepo, mpe nguo kuukuu yenye harufu ya mtu wake. Hapo nusu ya kazi imekwisha. Kisha mpe joto la upole. Huna tofali? Jaza chupa maji ya moto kiasi, funga kifuniko vizuri, ivishe soksi. Kama una kitu cha umeme cha kupasha joto, kisimfikie kabla hujakipima. Pima kwa mkono wako na usali polepole. Na kama dini yako ni nyingine, unayo sala yako, nayo ina urefu wake. Joto likiisha, inuka. Ndiyo, kwenye upepo. Mkaa usiingie na mtu wala mnyama kwenye chumba kilichofungwa, hata dakika kumi. Na siku zote acha upande mmoja bila joto, ili aliyeshiba asogee.

Hili la mwisho nimelikuta halikomei kwa mbwa. Nimeoa, nimelea, na nimekosea. Na kila nilipokosea, ukichunguza, utakuta nilimpenda mtu, nikaona anakwenda mlangoni, nikamwambia hujui jema, nikaziba upenyo kwa gunia. Ukipenda boga, wanasema, penda na ua lake. Mimi naongeza: ukipenda mtu, mpende hata anaposogea pembeni.

Nenda sasa, maana moto wangu unafifia na kuni ziko nje. Mola akujalie mkono wenye subira ya kufika Amina. Nyumba yako isikose anayekungoja, wala anayekungoja asikose upenyo wa hewa. Na kila asubuhi ya baridi, ukiwa bado umejifunika, usikie kucha za mtu wako sakafuni, zikija zenyewe.