Kikaratasi Chini ya Kitabu

Siku yangu ya kwanza kazini, ukungu ulikuwa umeufunika mji wa Nyeri hata jengo la ng'ambo ya barabara halikuonekana. Nilisimama mlangoni mwa duka la vitabu nikinusa karatasi mpya, nikadhani naota. Niliishia darasa la nane. Hata sasa sina hakika kama nayaandika haya inavyofaa, lakini nitajaribu.

Meneja alinipa kitambaa cha kupangusia vumbi na kitabu kimoja. "Soma hiki mpaka mwisho, halafu uniambie."

"Nikuambie nini?"

"Uzuri wake na kasoro yake. Ukiniletea uzuri peke yake, najua hukusoma. Ukiniletea kasoro peke yake, najua una wivu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kila kitabu kipya cha mambo ya kweli kilipewa kikaratasi cha rafu, yaani kipande cha kadi kilichobandikwa chini yake: mstari mmoja wa uzuri, mmoja wa kasoro, kwa mwandiko wa aliyekisoma. Wateja walikiamini kuliko jalada la nyuma, mahali ambapo mchapishaji hujisifia mali yake. Walizozipenda zaidi ni tawasifu, maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe. Na watu wetu walikuwa na namna yao ya kuzifungua. Walianza nyuma kabisa, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na kurasa zake, watazame kama kuna mtu wao ametajwa. Asipompata, mteja alikirudisha kitabu polepole, kama mgeni aliyenyimwa chai.

Baadaye nilihamishiwa Nanyuki, chini ya Msimamizi wa Tawi aliyeamini kwamba kasoro hufukuza wateja. Ni haki niseme kwamba alipoziondoa, tuliuza zaidi. Ni haki pia niseme kwamba watu waliacha kuniuliza lolote. Kisha nikapelekwa Wang'uru, kwenye meza ya duka sokoni baada ya mavuno, harufu ya mchele mpya ikiingia kwenye kurasa. Mwisho Naro Moru, kibanda kando ya barabara, ambapo mlima hutokea asubuhi na kufichwa na mawingu kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo alipokuja Mama Kamau. Mumewe, Ndirangu, alikuwa mpagazi wa kubebea wageni mizigo mlimani, na safari moja hakurudi. Kiongozi wa safari ile, ambaye sasa ni mzee, alikuwa ametoa tawasifu. Mama Kamau aliifungua nyuma. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Yuko," akasema, akakifunga kitabu, akanigeukia. "Mama Shiro, wewe umesoma hii?"

"Mpaka mwisho."

"Sasa niambie. Nisome ama niache? Kama amemharibia jina, sitaki. Niko na yeye hapa kichwani vile alikuwa, na sina mwingine."

Nilitamani Meneja angekuwa karibu. Mimi ni nani wa kumchagulia mtu jambo kama hilo? Lakini kumwambia ni kizuri tu kungekuwa kumpa nusu. Nikashika njia niliyofundishwa.

"Uzuri ni kwamba kinasema alirudi kumchukua mwenzake kwenye theluji, wengine wakiwa wanashuka. Kasoro, kinasema aliogopa. Ati alitetemeka mpaka akashindwa kufunga viatu."

Lori la viazi likapita, vumbi likatua. Nikaona mabega yake yakitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Huyo? Aliogopa kila safari. Asubuhi ni mimi nilikuwa namfungia viatu, mikono yake imekataa, namwambia, 'Wewe baba, hata mtoto ameshajua kufunga.' Halafu anaenda." Akakifungua kitabu tena. "Sasa huko juu nani angemfungia?"

Akanisukumia kitabu. "Nisomee hapo."

Nikamsomea. Ukungu ulishuka mpaka kwenye kibanda, nikawa naiona sauti yangu ikitoka kama moshi, naye amefumba macho. Nilipomaliza, aliomba nikifunge vizuri kwenye gazeti.

"Lakini karatasi yako imekosea," akasema, akionyesha kikaratasi nilichokibandika chini ya kitabu kile. "Hiyo si kasoro."

"Kasoro ni gani?"

"Hakuniuliza."

Nimestaafu sasa, niko Kiganjo. Asubuhi nasikia makurutu wa polisi wakiimba kwa mbali, nami nasoma polepole, wakati mwingine nikisinzia katikati ya maisha ya mtu. Vijana hupendekeza vitabu kwenye simu, kwa nyota. Sisemi ni vibaya. Kwa jioni moja wanawafikia watu nisioweza kuwafikia maisha yangu yote. Wala sijui kama niliowashauri wote niliwashauri sawa.

Ila kikaratasi kile nilikiandika upya jioni ileile. Uzuri: aliogopa, akarudi. Kasoro: mwandishi hakumuuliza mke wa Ndirangu ni nani aliyekuwa akimfungia viatu.