Bertilla na Mvua ya Paa Langu

Jumatano, tarehe 19 Novemba 2025. Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alfajiri hadi saa mbili asubuhi, ikisukumwa na upepo wa mashariki. Kipimo: milimita thelathini na moja.

Ndivyo nilivyoandika daftarini, nikapiga mstari kwa rula. Naomba msomaji asiiamini hiyo thelathini na moja. Namba za aina hiyo zilikaribia kumpokonya Bertilla shamba.

Bertilla ni mjane wa miaka sitini na minne. Analima mtelemko ulio juu ya chemchemi ya kijiji chetu, njia ya kwenda Mwazye, na analima kama mama yake alivyolima. Masika yanapokaribia kwisha hukusanya nyasi, akazifunika kwa udongo zikawa vilima vya duara, ndizo intumba, zioze humo. Msimu unaofuata huzisambaza na kupanda ulezi. Hana shamba jingine.

Miaka minne sasa chemchemi inapungua. Septemba iliyopita ndoo moja ilichukua dakika kumi na tisa kujaa. Nilikaa hapo na saa. Kamati ya maji ikaniita, kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kipimo cha mvua kila siku saa tatu kamili, tangu mwaka 2006. Kijijini wananiita Bwana Milimita, nami, Mungu anisamehe, nilidhani ni heshima. Nikafungua madaftari yangu, nikakohoa kidogo kama mtu aliyefika kidato cha nne, nikasema: "Mvua haijapungua. Kama inayoingia juu ni ile ile, na inayotoka chini ni kidogo, basi kuna anayeinywa katikati."

Katikati ni shamba la Bertilla. Kamati ikapanga kikao Jumatano hiyo, saa nane mchana, kuamua kama achukuliwe shamba lipandwe miti.

Saa tatu na robo asubuhi alifika kwangu na kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, amelifunika kwa sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bwana Milimita. Hili lilikaa katikati ya shamba langu mvua yote. Pima."

Nikatumbukiza rula. Milimita kumi na nane.

"Linavuja," nikasema.

"Umeona tone?"

"Basi yamemwagika njiani."

"Nimelibeba kama kichanga cha siku mbili! Hebu nione hicho chako."

Nikampeleka uani. Hakukitazama kipimo, alitazama juu yake. Bati za baraza langu zilikuwa bado zinachuruzika. Upepo ukavuma, tone likatoka kwenye ncha ya bati, likayumba, likaingia kipimoni. La pili likafuata. La tatu likanipiga mimi kisogoni.

"Baraza hili ulijenga lini, baba?"

Jibu nilikuwa nalo, maana naandika kila kitu. Agosti 2021: bati sita, misumari mia moja arobaini, miwili ilipinda. Umbali kutoka bati hadi kipimo sikuandika. Miaka minne nimepima paa langu nikaliita mvua ya Ufipa.

"Kumbe mvua ilipungua kweli," akasema, "wewe ukawa unaijazia."

"Inaelekea hivyo, mama."

"Na hizo intumba mnazosema zinakunywa maji, umewahi kuifukua hata moja? Nyasi zinashika mvua ya Machi, zinaiachia izame polepole. Ndiyo hiyo mnayoteka Septemba. Bila nyasi ingeshuka mtoni siku hiyo hiyo, tena na udongo wangu."

Sikuwahi kuifukua. Nilikuwa na rula, sikuwa na jembe.

Nakiri kwamba baada ya yeye kuondoka niliwaza kukihamisha kipimo kimyakimya baada ya kikao. Madaftari kumi na tisa yana uzito wake. Lakini kopo lake alikuwa ameliacha mezani kwangu, maji yakiwa ndani, nikashindwa kula mbele ya maji hayo.

Kikaoni nikasimama, nikasoma tarehe ya baraza, idadi ya bati, hadi misumari.

"Ngoja kidogo, Sebastiani," akasema Jafeti, mwenyekiti wetu, mtu wa Mbeya. "Tulitaka kumnyang'anya mama shamba kwa sababu ya baraza lako?"

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na lenyewe linavuja?"

"Halivuji."

"Basi afadhali fundi alijua kazi yake."

Walicheka hadi nikatoa kalamu nijifanye naandika. Shamba likabaki kwa Bertilla, na kipimo kikaamriwa kiondoke kwangu.

Kesho yake, kabla ya saa tatu, Bertilla alikuja na jembe. Aling'oa nguzo ya kipimo mwenyewe, akaibeba begani hadi katikati ya intumba zake, akaisimika, akaikanyagia udongo. Nilifuata nyuma na daftari langu, nikihema kwa mlima. Saa tatu kamili akasimama nyuma ya bega langu.

"Ngapi?"

"Sifuri."

Akachungulia mwenyewe, kisha akatazama juu, kuliko na mawingu tu.

"Andika," akasema, akarudi kusambaza intumba.