Sheria ya Mandazi

Hata leo mtu akiniambia "tukae chini tukubaliane vile tutaishi hapa kazini," naanza kutafuta mlango uko wapi. Sina shida na makubaliano. Shida yangu ni makubaliano ambayo mtu mmoja ameyapika nyumbani kwake Kitengela, akayabeba kwa gari hadi Kajiado, halafu anatuuliza sisi kama chumvi imetosha.

Nilikuwa mapokezi katika kliniki ndogo ya mtu binafsi pale Kajiado, karibu na soko la mifugo. Kliniki kubwa ilikuwa Kitengela, na huko ndiko alikotoka msimamizi mpya tuliyeletewa. Tulikuwa wachache: msimamizi, daktari aliyekuja siku kadhaa kwa wiki, mama wa usafi, mimi, na nesi mmoja, msichana wa Kimaasai mwenye mkono mwepesi hata watoto walisahau kulia akiwadunga. Nesi huyo alikuwa akilea mtoto peke yake. Mkataba wake ulikuwa wa muda, na muda wenyewe ulikuwa unaishia. Sote tulijua kwamba asipoongezewa, hana pengine pa kushika.

Basi asubuhi moja msimamizi akaingia akamkuta nesi na mama wa usafi wanacheka kwa Kimaa, lugha yao, wamejishika mbavu. Walikuwa wanaongea juu ya mbuzi dume, beberu fulani aliyeingia duka la simu pale sokoni akakataa kutoka. Bwana yule akadhani anachekwa yeye. Akauliza kuna nini, wakamwambia ni beberu. Hapo ndipo alipoharibika kabisa, akaona beberu mwenyewe ni yeye.

Kesho yake tukaitwa kikao. Alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani. "Timu nzuri inakuwa na matarajio ya pamoja," akasema. "Kila mtu aseme anataka nini kutoka kwa mwenzake." Mimi nikasema anayechelewa apige simu. Mama wa usafi akataka watu wafute viatu mlangoni. Nesi akasema tusifokeane mbele ya wagonjwa. Hayo yetu aliyaandika huko chini kwa herufi za kubana. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, lake lilikuwa limeshaandikwa kabla hatujakaa: ndani ya kliniki ni Kiswahili na Kiingereza peke yake.

"Ili mtu yeyote asijisikie ametengwa," akasema.

Mimi ni Mkamba. Najua vile inakuwa kukaa katikati ya watu wanaoongea lugha usiyoijua, unacheka kwa sababu wamecheka. Si tamu. Lakini nikauliza, "Na mgonjwa asiyejua Kiswahili?"

"Hiyo tutaiangalia baadaye."

"Lakini wagonjwa wengi hapa wanatoka ndani huko, na ..."

"Dada, usianze."

Baadaye yenyewe haikufika mpaka leo. Mikono ikainuliwa, kikao kikaisha. Atakayeteleza, ikasemwa, atanunulia wenzake mandazi. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Mama wa usafi akimwaga ndoo, neno la Kimaa linamtoka, tunapiga kelele "Mandazi!" na yeye mwenyewe anacheka mpaka anakaa chini. Kisha mchezo ukageuka. Nesi alipoteleza tena hakuombwa mandazi, alipewa barua ya onyo, na kwa mdomo akaambiwa afikirie vizuri kuhusu mkataba wake. Kosa lake? Alimwambia mama mjamzito mwenye uchungu apumue polepole. Aki ya nani! Mtu anapewa onyo kwa kumwambia mwenzake apumue!

Halafu ikafika ile siku. Ilikuwa siku ya soko, na mwanamume mmoja akamleta mama yake mzee, shingo imejaa shanga, amekonda. Mwana ndiye aliyekuwa akimtafsiria daktari. Sukari ilikuwa juu, daktari akaandika vidonge, na yule mwana akasema anarudi sasa hivi, anakimbia kuangalia mbuzi wake. Mama akabaki na nesi pale dirisha la dawa, hatua chache tu kutoka kwa meza yangu.

"Takwenya, nakerai," mama akasema. Ni salamu ya mkubwa kwa binti, na kila binti wa huko anaijibu kabla hata hajafikiri.

Nesi akaangalia mlango wa msimamizi. Ulikuwa wazi. "Salama, mama," akasema kwa Kiswahili. Uso wa yule mama ukabadilika, na mimi niliuona.

"Hii unameza moja asubuhi, ukishakula. Kama hujakula, usimeze." Aliona mama haelewi, akaanza kutumia mikono. Akapeleka vidole mdomoni kuonyesha chakula, akaonyesha kidonge, akatikisa kidole. Mama akasema sawa. Nesi akarudia, mama akasema sawa, sawa, akafunga dawa kwenye shuka yake akaenda kumtafuta mwanawe.

Mama alielewa kile mikono ilimwambia: ukimeza hii, usile. Na mtu wa kutii maagizo ya hospitali alikuwa yeye. Kila asubuhi alimeza kidonge, akakataa chai, akatoka na mtungi kwenda kuchota maji. Walimwokota kisimani. Mwanawe alimleta kwa pikipiki, katikati yake na dereva, kichwa kinaning'inia.

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya sana. Daktari akamtundikia chupa, tukasimama hapo tukiombea macho yafunguke. Na huyo msimamizi, unajua aliuliza nini? "Nani alimpa huyu maagizo?" Nesi akainua mkono kama mtoto wa shule. "Kwa nini hukumwelezea vizuri?"

Nilipandwa na mori. "Wewe ndiye uliyemfunga mdomo!" nikamwambia, na sikupunguza sauti. "Wewe na mandazi yako! Anaogopa kumsalimia mama wa kwao kwa sababu yako, halafu unamuuliza?" Daktari akanishika mkono nikautoa. Na nikuambie kabisa, kelele yangu haikusaidia kitu, maana mkataba wa nesi haukuongezwa, na mwenye kusaini ni yule yule. Mpaka sasa nikikumbuka nataka kupasua kitu.

Lakini hilo lilikuja mwisho wa mwezi. Siku hiyo, tukiwa bado tumesimama hapo, mama alifungua macho. Alimwangalia nesi kwa muda, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini. Nesi akajifunika uso.

"Anasema nini?" msimamizi akauliza.

"Anauliza alinikosea wapi," nesi akasema. "Anasema siku ile nilimwongelesha kama mgeni, akadhani nimemkasirikia. Ndio maana aliona haya kuniuliza tena."

Msimamizi akakohoa, akarekebisha kola ya shati.

"Mwambie hatukuwa na ubaya," akasema. "Mwambie tulikuwa tumekubaliana."

Nesi akatoa mikono usoni. "Nimwambie kwa lugha gani?"