Vijiti vya Mbao za Paleti

Nikisikia harufu ya paini ikikatwa huku Clairwood, mtaa wetu wa viwanda, namkumbuka jirani yetu wa ghorofani, bibi mzungu aliyenifundisha alfabeti ya miti ya Waselti, watu wa kale wa kwao. Kila herufi ina mti wake. Unaichonga kwa kisu ukingoni mwa kijiti, kisha unavuta kimoja na kuagua. Miti yao hatukuwa nayo, basi papa akaniletea mbao za paleti, zile za kupangia mizigo, kutoka kazini.

Mama alisema vijiti ni vya shetani. Lakini papa alipopotea, siku ya tatu mama alikuja akapiga magoti mbele yangu.

"Vuta. Papa yako iko wapi?"

Nikavuta kijiti chenye herufi ya mti wa makaburini, ile ya kifo.

"Iko njiani, mama."

Mpaka leo mama humpakulia chakula, akakifunika.