Kola ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Mtu akileta gauni lililofumuka bega zima, atasemwa mpaka ajute. "Zilipoachia nyuzi mbili ulikuwa wapi? Sasa unataka nikushonee shimo?" Mimi nakunja pindo pembeni, nacheka kimoyomoyo.

Siku moja alikuja kazini na gauni lenye kola iliyosimama hadi kidevuni, vifungo sita. Bati la kibanda lilikuwa linachoma.

"Mama, husikii joto?"

"Ndio mtindo wa sasa."

Nikarudi kwenye pindo langu. Mkwe haulizwi mara mbili.

Basi ukawa mtindo kweli. Mwalimu wa jirani aliipenda kola hiyo, akashonewa. Akafuata muuza mkaa, kisha wanakwaya wote. Haikupita miezi miwili, wanawake wenye shingo laini kama mtungi walikuwa wanazifunika na kutokwa jasho, na kumshukuru fundi kwa ubunifu.

Lakini kila Jumatatu, akidhani nimeinamia pindo, alijizungushia futi shingoni, akaandika namba kwa chaki ukutani, nyuma ya cherehani. Vipimo vya wateja huwa na jina. Hivi havikuwa na jina, na vilikuwa vinapanda. Nilivisoma kila nikifagia, nikaogopa kusema.

Aliyesema ni binti yangu wa miaka mitatu. Alikuwa amepakatwa na bibi yake, akapenyeza vidole ndani ya kola.

"Bibi, umemeza kifungo?"

Mama akaacha kukanyaga cherehani, akamtoa vidole.

"Mama," nikasema, "hicho ni nini?"

"Kijivimbe tu. Hakiumi. Nitaenda kumsumbua daktari kwa kitu kisichouma?"

"Tangu lini?"

Akatazama ukuta wa chaki. Zilikuwa Jumatatu ishirini na sita.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. "Mama, zilipoachia nyuzi mbili ulikuwa wapi?"

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alimvuta mjukuu wake kifuani. "Nikiambiwa ni lile gonjwa baya, huyu nitamwona akianza shule?"

"Kama ni hilo, ndio tuwahi."

"Kesho. Lakini utanisindikiza, na usimwambie mumeo. Atalia."

Hospitalini daktari alisubiri vifungo sita vyote vifunguliwe. Akaminya taratibu, akamwambia ameze mate, akauliza kama sauti imebadilika. Kisha akasema uvimbe ukipita wiki tatu bila kuisha, au ukiwa unakua, uonyeshwe, uwe unauma au hauumi. Mwingi hauna hatari, ila huwezi kujua kwa kuupapasa nyumbani.

"Mimi sikupapasa," mama akasema kwa heshima. "Nilipima."

Alipoletewa sindano ya kuchukulia majimaji ya uvimbe yakapimwe, fundi aliyeshika sindano miaka thelathini aliniminya mkono mpaka kucha zikaacha alama.

Majibu yalichukua siku kumi. Hatukulala vizuri hata moja. Ilikuwa tezi imevimba, si saratani. Akapewa tarehe ya kurudi kuangaliwa.

Siku ile ile alichana kola yake, akafuta ukuta. Wateja walikuja juu.

"Mbona wewe umeacha mtindo?"

"Shingo yangu imeshamwona daktari."

Wengine bado wanaitaka, naye anawashonea. Ila siku hizi, kabla hajazungusha futi, anapitisha vidole shingoni mwa mteja, polepole, anamtazama usoni.

"Unataka kola, au kuna kitu unaficha?"

Wanacheka wote. Wiki jana muuza mkaa hakucheka. Mama akaweka futi chini, akaniambia nifunge kibanda, tumsindikize.