Karatasi Tano Zilizopigwa Pasi

Ukiuliza pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kila mtu atakuambia kaka yangu ni mtu mzuri. Hawadanganyi. Ni mtu mzuri, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, maana angekuwa mtu mbaya ningemtukana siku moja nikamaliza.

Kwetu Uvira mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanaume, awe mwanamke. Basi yeye alikuwa Yaya. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne, na tangu hapo mkono wake ndio ulionionyesha njia. Kila asubuhi alinipeleka kwenye darasa dogo la vipofu la misheni, akasimama dirishani kunisubiri, mpaka naye akazijua nukta nundu kwa macho, herufi zote. Vita ilipotufukuza, mkono uleule ulinivusha ziwa, ukanipitisha Tanzania, ukanifikisha Malawi; fimbo niliyopewa misheni aliibeba yeye siku zote. Niliujua kuliko nilivyoujua uso wangu mwenyewe. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kwa kuchomwa na sindano, na ukucha wa kidole gumba ulipasuka zamani ukakataa kurudi sawa. Yaya ni fundi cherehani.

Siku ya kukimbia, mke wake alitaka tubebe sufuria mbili. Yaya akasema tubebe moja, mahali pa ile ya pili tuweke kibao changu. Kibao cha kuandikia nukta nundu kina safu za vidirisha vidogo. Unabana karatasi nene ndani yake, unatoboa kwa msumari mfupi wenye kishikio cha mti, kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume. Ukigeuza karatasi, nukta zimesimama, vidole vinasoma. Mke wa Yaya alinung'unikia ile sufuria njia nzima, na mimi nilikuwa ninacheka peke yangu kwa furaha.

Kambini Yaya alishona, lakini kilichompa jina ni pasi yake ya makaa. Watu walikuwa bado wanafika kila wiki, vita haikuwa imepoa kule nyumbani, na karatasi zao zilikuja zimeshonewa ndani ya pindo la kitenge, zimelowa, zimekunjwa mara nane: vyeti vya ubatizo, vya ndoa, bulletini za shule zenye alama za mitihani, nusu ya kitambulisho. Kabla ya mahojiano, mtu alipita kwanza kwa Yaya. Alinyunyiza maji kidogo, akafunika kitambaa cha pamba, akapitisha pasi polepole. "Karatasi yenye makunyanzi," aliwaambia, "ofisa anaiona kama uso wa muongo." Wakristo wa Fizi walikuja, Waislamu wa Kindu walikuja, wote wakaondoka na karatasi zao zimenyooka. Hakuomba kitu kwa kazi hiyo. Ndiyo maana ninasema ni mtu mzuri.

Sasa sikieni jambo moja, mlishike. Siku moja mke wake aliepua sufuria ya maharage akaiweka mezani juu ya karatasi zangu. Hakuwa na nia mbaya, kwake zilikuwa karatasi tu. Yaya aliruka kutoka kwenye cherehani. "Toa! Toa hiyo! Joto na uzito vinalalisha nukta, unaua maneno yake!" Aliniletea karatasi moja moja mkononi nikague zipi zimepona. Nilimpenda siku ile mpaka nikaona aibu.

Kuhusu kutambuliwa, mi nilitambuliwa sana pale kambini, msidhani. Wageni wakija kanisani, niliitwa mbele. "Dada yetu kipofu atatusomea." Ninaweka vidole kwenye ukurasa, ninasoma Zaburi, makofi yanapigwa, picha zinapigwa, ninapewa kipande cha sabuni, wageni wanapanda gari. Darasani je? Kwenye sekondari ya kambi nilikaa nyuma miaka miwili. "We kaa tu, sikiliza," aliniambia mwalimu. Mtihani ukifika ninatoka nje, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusoma majibu yangu. Ningeandika kitabu kizima, lakini kwao karatasi ile ilikuwa nyeupe.

Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka Lilongwe, Mmalawi, kipofu kama mimi. Nilijua ni kipofu kabla hajasema, kwa jinsi fimbo yake ilivyogonga kizingiti mara mbili. Alisema kuna shule mjini yenye bweni na walimu wa vipofu, na mwaka ule nafasi moja, moja tu, ingeweza kwenda kwa mkimbizi. Anayeitaka aandike kurasa tano za maisha yake kwa nukta nundu, azilete ofisini kwao Capital Hill, kwenye majengo ya wizara. Alinipa karatasi tano nene, mpya, zinanukia duka.

"Andika kwa Kiingereza chako hichohicho," aliniambia. "Makosa ya lugha tutayatengeneza. Ninataka kuona mkono wako."

Loo! Hakuna aliyewahi kuniambia anataka kuona mkono wangu. Niliandika siku tisa. Sikutaka kosa hata moja, maana nukta ikishatobolewa haifutiki. Niliandika darasa la misheni, surua, ziwa, sufuria ya pili iliyobaki Uvira. Ukurasa wa nne wote ulikuwa wa Yaya. Nilimsomea kwa sauti, nikimtafsiria, naye akasema, "Umeandika vizuri, mudogo wangu." Sauti yake ilikuwa nzito. Nilidhani ni machozi.

Siku moja kabla ya safari, mchana, akasema, "Leta, nizifunge ndani ya bahasha ngumu, zisikunjike njiani." Nikampa. Nilisikia makaa yanapulizwa, nikasikia pasi inateremka juu ya meza. Nilifikiri ni gauni yangu ya safari. Ilikuwa gauni yangu pia.

Tulitoka na kibali cha siku moja. Nilitaka kubeba kibao, Yaya akasema kitakuwa uzito bure, kazi imekwisha andikwa. Yeye ndiye aliyebeba bahasha. Nilikaa ndani ya basi dogo gauni yangu imenyooka, ninarudia kimoyomoyo salamu za Kichewa ambazo ningempa yule mwalimu.

Ofisini alikuwepo mwalimu na mama mmoja wa wizara aliyekuwa na orodha. Mama akaeleza kwamba wakubwa wanakaa kikao asubuhi ileile, jina litapitishwa, imekwisha mpaka mwaka mwingine. Mwalimu akapokea bahasha, akacheka kwa furaha, akanishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, zikomo, leta tusome." Nilisikia karatasi inatoka. Nilisikia vidole vyake vinaanza kutembea juu ya ukurasa, halafu vinarudi mwanzo. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu.

"Dada," akasema polepole, "hapa hakuna kitu."

Nikazishika. Zilikuwa laini kila mahali, mbele na nyuma, zinanukia makaa. Kwenye pembe moja tu, ambapo pasi haikufika, nilipata herufi mbili tatu zilizolegea. Kabla sijafungua kinywa, Yaya alikuwa amekwisha kuanza kulia kwa Kiswahili chetu, akichanganya na Kichewa cha sokoni.

"Mungu wangu! Njo mimi, ni mimi! Nilizipiga pasi! Nilitaka zikuwe muzuri mbele ya bakubwa, kama ninavyofanyiaga bantu bote kule kambini. Sikujua! Mi sikujua!"

Mama wa wizara alimhurumia. "Pole, baba, pole, ulitaka kusaidia." Hata mwalimu alihema akasema hakuna wa kulaumiwa, watu wenye macho hawaelewi mambo haya. Chumba kizima kilimsikitikia kaka yangu. Na mimi nilisimama pale na karatasi tano mkononi, ninasikia kwenye masikio yangu: Toa, toa hiyo, unaua maneno yake.

Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote mwenye macho katika kambi nzima.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza pia. Utamshtaki vipi mtu aliyekubeba kutoka vitani, mbele ya wageni, kwa Kichewa hichohicho cha sokoni? Mwalimu akasukuma kibao chake mbele yangu. "Andika hapa hapa. Ukurasa mmoja. Nitaupeleka mwenyewe kwenye kikao." Mama akatoka kuwaomba wangoje. Nikabana karatasi, nikatoboa. Nilikuwa kwenye mstari wa sita mama aliporudi. Hakuwa na haja ya kusema, nilimsikia anavyotembea. Jina lilikuwa limekwisha pitishwa. Ni la msichana mwingine, kipofu kama mimi, na sina neno naye, Mungu ambariki.

Mwalimu alisoma mistari yangu sita hadi mwisho. "Una mkono safi," akasema. "Mwakani, ikitokea nafasi, nitakukumbuka." Nafasi haikutokea mwakani, wala mwaka uliofuata.

Tulipotoka nje tulitelemka kwa miguu kuelekea kituo cha basi. Magari ya wakubwa yalikuwa yanapita. Yaya alinishika mkono kama kawaida, nami nilimwacha anishike, sijui kwa nini. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu, bila kupaza sauti, "Ile siku ya sufuria ya maharage, Yaya. Unaikumbuka?"

Aliongeza mwendo, akinivuta. Tulitembea hatua nyingi.

"Ukienda," akasema mwishowe, "dosye inakufa."

Dosye ni faili letu la kupelekwa nchi ya tatu, mbali na kambi. Nilijua tuna dosye, kila nyumba iliota dosye. Sikujua jinsi yetu ilivyoandikwa. Akanieleza pale barabarani, haraka haraka, ametokwa jasho, mkono wake ulikuwa umelowa. Kuna kisanduku kwenye fomu cha watu wenye shida kubwa kuliko wengine, na nyumba yetu ilitiwa alama pale kwa ajili yangu mimi. Kila mahojiano walimwuliza yule dada kipofu yuko wapi.

"Nitabaambia nini? Kama iko Lilongwe, iko analala bweni, anasoma muzuri, hana shida? Niko na batoto bane. Fundi cherehani mwenye afya, nani atamubeba? Mi nilifanya hivi juu yetu bote."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Maisha yangu, Yaya! Ukurasa wa nne ni wewe! Umejipiga pasi mwenyewe, mjinga we!"

Sikuwahi kumtukana kabla ya hapo. Mpita njia mmoja alisimama kutuangalia, nilisikia viatu vyake vimesita. Nikamwuliza, "Mimi ni nani kwako sasa?"

Alijibu kwa upole, na ninaamini hakuona ubaya wa alichosema. "We njo dosye yetu."

Nilirudi nyumbani na zile karatasi kifuani. Kambi nzima ilipata habari kabla ya jua kuzama: masikini fundi, alitaka kumsaidia dada yake akaharibu bila kujua. Wamama wa kanisa walikuja kumpa pole yeye. Mmoja aliniambia nisamehe, mtu hakusudii. Nilimwitikia "ndiyo, mama," na mke wa Yaya, aliyekuwa anasonga nsima, ule ugali wa Wamalawi, akaacha kusonga. Nadhani alikumbuka sufuria yake ya maharage. Halafu akaendelea kusonga.

Miezi michache baadaye jina letu liliitwa kwa mahojiano. Dosye yenyewe ingekuja kulala miaka, ikasahauliwa kwenye kabati gani sijui, lakini siku ile hatukulijua hilo, tulidhani ndiyo safari. Yaya alinipigia pasi gauni ileile. Nilisikia anavyoipitisha polepole kwenye kola, nami nimekaa kwenye mkeka.

Ofisa alikuwa mwanamke, sauti changa, mkalimani pembeni yake. Aliuliza majina, akauliza tulikotoka. Kisha akamwomba Yaya na mke wake watoke nje kidogo, akaniuliza mimi peke yangu. "Nani anakutunza?" Kalamu yake ilikuwa imesimama, inangoja. Nilijua kwamba neno moja lingetosha. Ningemwambia: ofisa, niandike peke yangu, huyo mtu aliua kurasa zangu. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miezi yote, nimelinoa. Nje ya ukuta nilimsikia mtoto wa mwisho wa Yaya anauliza, "Shangazi atakawia?"

"Kaka yangu," nikasema. "Yeye njo ananitunza."

Kalamu ikaandika. Nilijichukia kabla haijafika mwisho wa mstari.

Nilipotoka, Yaya alikuwa mlangoni. Mkalimani lazima alimpa ishara, maana alikuwa anahema kama mtu aliyeweka mzigo chini. "Aksanti, mudogo wangu," akasema, "aksanti sana," na akanishika mkono ili tuanze kurudi, na nikausikia ule ukucha uliopasuka, na zile ncha ngumu za vidole.

Niliutoa mkono wangu. Nikamwambia anipe fimbo yangu.